Gorogoro Lililokataa Kuimba

Sogeeni hapa, wajukuu, na anayetafuna atafune polepole nisikike.

Miaka ya tisini niliuza mahindi Majengo. Siku moja akaja mtu wa jangwani, muuza mikufu, kilemba kimemfunika hadi pua. Akaliona gorogoro langu, lile kopo la kupimia.

"Mama, niazime. Ukame ulipotufukuza kwetu, gitaa letu la kwanza lilikuwa kopo kama hili, fimbo na waya wa breki ya baiskeli."

Kabla sijakataa, keshaligonga. Akakunja uso. "Tako lake limebonyea ndani. Haliwezi kuimba."

Wateja kwenye foleni wakanigeuzia macho. Nikakohoa. Tako lile nililibonyeza mwenyewe, kwa nyundo.

Akalinyoosha kwa ngumi. Fundi baiskeli aliyekuwa kwenye foleni akampa fimbo na nyaya mbili za breki, naye akazifunga kwenye kopo, akazipiga. Mmoja ukanguruma palepale, mwingine ukazunguka, ukaenda na kurudi kama ngamia asiye na haraka. Hata mimi na aibu yangu nikatikisa bega.

"Mathe," akasema fundi, "kumbe ndiyo maana ugali wetu huisha mapema!"

Mgeni alirithi kopo. Wateja walirithi gorogoro jipya, tako limenyooka. Mimi nilirithi jina: Mama Gitaa.