Fila Kwenye Kiti cha Mama

Siipendi fila. Naichukia harufu yake, nauchukia ulaini wake, na zaidi ya yote nawachukia watu wanaoipaka kwenye chuma kisha wanakutazama machoni na kukuambia kazi imekamilika. Kwa asiyeijua, ni ule uji mzito ambao mafundi wa magari hujazia mabati yaliyobonyea. Unauchanganya na dawa kidogo, unapaka, unakauka, unapiga msasa, unapiga rangi, na hakuna atakayejua chini yake kulikuwa na nini. Kwenye gari, sawa. Lakini hapa Nairobi imeingia kwenye malango, vitanda, ngazi, hata bembea za watoto! Fundi akishindwa kuchomelea vizuri anafunika aibu yake kwa fila, anachukua chake, anaenda. Kinyaa kitupu.

Mimi niliingia katika ufundi kwa sababu ya hasira hiyo. Lango langu hapa mtaa wa Jamhuri lilianguka kabla halijamaliza mwaka, na nilipochungulia kwenye bawaba nikakuta fila, nyeupe, nene kama ugali wa jana. Nilitema mate pale pale. Nikaapa kwamba hakuna fundi atakayenichomelea kitu tena. Nikanunua mashine ya kuchomelea, grinda ya kukatia na kusagia chuma, kofia ya kukinga macho na jiliwa la kubania vyuma, nikatoa gari kwenye gereji, nikaigeuza karakana. Siku za kazi nakaa ofisini Upper Hill nikisoma fomu za bima za watu. Jioni na Jumamosi nakata chuma. Nimetengeneza rafu, meza, stendi ya tangi la maji, na vyote vimesimama mpaka leo. Basi nikaota mdomo. Mgeni hamalizi dakika tano kwangu kabla sijamburuta gereji kumwonyesha viungo nilivyochomelea na kuwatukana mafundi wa mji mzima.

Aliyenifundisha ni jirani yangu, mzee mmoja Singasinga ambaye maisha yake yote alitengeneza madawati ya shule. Mwanawe alitaka ahamie kwake Kileleshwa, ghorofa ya sita, akakataa, eti huko huwezi kupigilia hata msumari bila mtu kulalamika. Mzee huyu ana sharti moja tu. Ukimaliza kuchomelea, usipake chochote. Unamwita, anakuja na nyundo yake ndogo, anagonga kila kiungo huku ametega sikio. Kikilia vizuri, anaondoka bila neno. Kikilia vibaya, anakigonga mpaka kivunjike, kisha anasema, "Kijana, rudia." Mimi nina miaka arobaini na sita.

Mapema mwaka huu mama yangu aliteleza shambani kwake Machakos akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji hospitalini Upper Hill, si mbali na ofisi yangu. Daktari alitueleza taratibu, tena mara mbili, kwamba kwa wiki kadhaa asikae mahali pa chini, la sivyo nyonga itachomoka. Choo lazima kisimamishiwe juu yake kiti kirefu chenye tundu. Na asianguke. Akianguka tena, tusahau habari ya kutembea.

Mama naye alikuwa na lake. Aliniita karibu na kitanda akaninong'oneza, "Nitakuja kukaa kwako, lakini choo nitaenda mwenyewe. Sitaki kushikwashikwa huko. Si na msichana wako wa kazi, na wewe ndiyo kabisa. Mtoto wa kiume haoni uchi wa mamake."

Sina mke, na hilo si la kusimulia hapa. "Usijali, Mama," nikamwambia. "Nitakutengenezea kiti kwa mkono wangu."

Ningeweza kununua. Maduka ya vifaa vya wagonjwa yapo tele pale karibu na hospitali. Nilienda, nikavishika viti vyao vya alumini, nikavitikisa, vikachezacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwachia muuzaji hotuba nzima kuhusu kazi mbovu, nikatoka kifua mbele. Mjinga mimi.

Nilikuwa na siku tatu kabla Mama hajaruhusiwa kutoka. Mabomba niliyouziwa yalikuwa membamba kuliko niliyoagiza, na sikugundua mpaka nilipoyakata. Bomba jembamba ukilichomelea kwa moto wa kawaida linatoboka. Likatoboka. Nikapunguza moto, na sasa chuma kilichoyeyuka kikawa kinalala juu juu bila kuingia ndani, kama nta iliyodondokea mezani. Mguu wa nyuma wa kushoto ndio uliokuwa mchafu kuliko yote, kiungo chake vinundu na vishimo vitupu, yaani ningekiona kwa mtu mwingine ningemtukania ukoo. Nikashika grinda nikakisawazisha, na kwa kufanya hivyo nikakwangua hata kile kidogo kilichokuwa kimeshika.

Ilikuwa Jumatatu jioni, na Mama angetoka hospitali kesho yake. Nilijua la kufanya. Ningemwita mzee, angegonga, mguu ungeng'oka, angesema nirudie, nami ningeenda kutafuta mabomba mengine na kumwambia Mama angoje. Badala yake nikanyoosha mkono kwenye rafu nikachukua kopo la fila. Ndiyo, nilikuwa nalo. Lilibaki nilipoziba mlango wa gari langu. Nikachanganya, ile harufu ikanipanda puani mpaka machozi yakanitoka, nikaipaka kwa kidole gumba changu mwenyewe. Nikapiga msasa. Nikapuliza rangi nyeupe. Kilipendeza. Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu mpaka sasa, kwamba kilipendeza kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza.

Mzee aliita kutoka upande wa pili wa ua. "Kijana! Kile kiti cha mama, nije nigonge?"

"Nimegonga mwenyewe, mzee. Kiko sawa."

"Haya," akasema.

Mama alifika Jumanne, akajikokota na fremu yake ya kutembelea mpaka mlangoni mwa choo, akakiona kiti kimesimama pale kinang'aa. Alishika mashavu yangu kwa mikono miwili. Wiki ile yote, kila aliyekuja kumjulia hali alipelekwa kukitazama kabla hajapewa chai. Akina mama wa kanisa walipanga foleni kwenye mlango wa choo changu, jamani, na Mama nyuma yao akisema, "Huyu hajasomea, lakini fundi gani anamfikia?" Nami nilisimama pale nikitabasamu. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba fila imeshika.

Jumapili, dada anayenisaidia nyumbani aliondoka saa tatu kwenda kanisani. Muda si mrefu mzee jirani akabisha hodi, amebeba machungwa. Mama hakuweza kumwacha mgeni anywe chai peke yake, kwa hiyo naye akanywa, kikombe cha kwanza na cha pili, wakizungumza habari za mvua na magoti. Kisha, kama nilivyoogopa, akamwambia, "Mzee, umeona kazi ya mwanangu?"

Mzee akaenda kuona. Nikamfuata. Aliinama akapitisha ukucha kwenye kile kiungo cha nyuma, akanitazama, akasema polepole, "Kilete nje."

Nilikibeba mpaka barazani. Mama akajikokota nyuma yetu akaketi kwenye kiti cha mbao chenye miguu mirefu nilichomwekea karibu na mlango, akingoja sifa. Mzee akatoa nyundo mfukoni. Aligonga mara moja, wala si kwa nguvu. Fila ikaruka vipande, na mguu ukaanguka sakafuni ukabingirika.

Mzee hakuniambia nirudie. Alirudisha nyundo mfukoni, akamuaga Mama kwa kuinamisha kichwa, akaenda zake. Hata lango hakulifunga.

Niliokota ule mguu. "Mama, hiki kiti ulikuwa unakikaliaje? Ungeanguka! Siku tano nzima!"

"Sijakikalia," akasema.

"Unasemaje?"

"Ile Jumanne nilipoanza kukalia kilifanya ka! Nikasimama haraka. Tangu hapo msichana wako ananishika kwapani, nimeinama nusu hivi, mpaka namaliza. Ananipangusa pia. Nilimwapisha asikuambie."

"Lakini kwa nini, Mama?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Nilijitazama nikiwa na kile kipande cha chuma mkononi, na sijawahi kumdharau fundi yeyote wa mji huu kama nilivyojidharau mimi siku hiyo. Wao huwafanyia wateja. Mimi nilimfanyia aliyenizaa, naye akachukua aibu yangu akaibeba yeye, kule kule chooni, mahali alipokuwa ameomba jambo moja tu.

Mama alikuwa anatazama saa ya ukutani kupitia mlango. Mkono mmoja umeshika fremu, mwingine umebana gauni mapajani.

"Msichana anarudi saa ngapi?" akauliza.

"Saa tisa."

Ilikuwa haijafika saa sita. Nikasema ninaweza kukimbia kumwita mama mmoja wa jirani. Akatikisa kichwa, ameuma midomo.

"Siwezi kungoja. Ile chai."

Nikamwinua. Tukaenda hatua kwa hatua mpaka chooni, nikasimama mbele yake, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, naye akanishika shingo. Uso wake ulikuwa begani mwangu.

"Funga macho," akasema. "Na usiongee."

Nikafunga. Alikuwa mwepesi, anatetemeka, na nilisikia kila kitu.