Wifi Rula na Kona ya Kulia

"Hivi mama, wewe unachora nyumba au unazinyoosha?"

Jirani yetu, fundi cherehani, ndiye aliyemuuliza wifi yangu swali hilo, siku alipomkuta ameinamia meza na rula mbili mkononi. Wifi akacheka. "Nazinyoosha kwanza, ndiyo nazichora. Kwani wewe unakata kitambaa kabla ya kupima?" Tangu hapo mtaa mzima ukamwita Rula.

Wifi Rula ni dada wa mume wangu. Ni mjane wa fundi mwashi, na kazi yake ni kuchora majengo kwa rangi za maji. Watu humletea picha walizopiga kwa simu: nyumba aliyojenga marehemu baba, duka jipya, shule waliyosoma. Mimi nilidhani ananakili tu. Kumbe ukisimama karibu na jengo ukainua simu, kuta zinaegemeana huko juu kama mashoga wawili wanaosengenya. Basi wifi hutafuta kitu anachojua kimesimama wima, mlango au nguzo, akavuta mistari kwa penseli na kunyoosha vingine vyote kwa hicho. Ndipo analowesha brashi.

"Simu ni mwongo mwenye adabu," husema. "Inadanganya pande zote mbili sawasawa."

Jengo alilolichora mara nyingi kuliko yote ni la ghorofa anakokaa mama mkwe wangu, peke yake, huko juu. Kila mwenye nyumba anapolipaka rangi upya, humwagiza wifi picha ya kutundika mlangoni. Zimepangana pale ukutani: jengo la njano, la kijani, la waridi, yote yamenyooka kama mshumaa.

Mwaka huu likapakwa bluu. Wifi akaletewa picha, akaanza kama kawaida, mimi niko pembeni nachambua mchele. Akaisimamisha nguzo ya taa iliyo kando ya jengo, upande wa kulia. Huko juu, kona ya kushoto ikaegemea ndani, kama simu inavyodanganya siku zote. Ya kulia ikaegemea nje, upande wa nguzo. Akafuta. Akarudia. Akafuta tena.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

Akaenda kuleta picha za zamani, zile alizochorea, akazitandaza juu ya mchele wangu. Katika kila picha, nafasi ya juu kati ya jengo na nguzo ilikuwa ndogo kuliko katika iliyotangulia.

"Nilikuwa nalaumu simu," akasema taratibu. "Wifi, linainama kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nalinyoosha."

Kesho yake tukasimama ng'ambo ya barabara. Alikuwa na timazi ya marehemu mumewe, ule uzi wenye chuma kizito mwishoni, akaining'iniza mbele ya jicho. Akanipa na mimi nitazame. Uzi ulisimama. Kona haikusimama.

Mwenye nyumba alitusikiliza kwa heshima zote. "Nyufa? Msiwe na wasiwasi, dada zangu. Fundi aliziziba zote kabla ya kupaka rangi." Tukagonga mlango kwa mlango. Wapangaji wawili wakafunga mizigo. Waliobaki wakatuonyesha zile picha za wifi pale chini mlangoni, jengo limenyooka.

Kwa mama tulifika mwisho. Mlango wake siku hizi lazima uuinue kwa bega ndiyo ufunguke. Alikuwa anamenya vitunguu. Kimoja kikamponyoka, kikabingirika chenyewe hadi kona ya kulia, na mama akakifuata bila kushangaa.

"Vitu vyangu vyote vinapenda pale," akasema.

Wifi akamweleza. Mama hakuacha kumenya.

"Si wewe uliyelichora, mwanangu? Kila mgeni analiona limenyooka."

"Nilikosea, mama."

"Mara zote hizo? Basi na leo unaweza ukawa umekosea." Akanigeukia mimi. "Huyu mkwe wangu ndiye asiyesema uongo humu. Haya mama, sema, wewe umeona nini?"

Nikasema nimeona uzi na kona havilingani.

"Uzi!" Akacheka hadi machozi ya vitunguu yakamtoka vizuri. "Niwaache majirani zangu kwa ajili ya uzi? Kama kuna mgonjwa mniambie, nitakuja. Kwa uzi, siendi."

Hapo tukasikia ndani ya ukuta kitu kama mchele unaomiminwa polepole.

"Panya," mama akasema.

Panya hupanda na kushuka. Ile sauti ilikuwa inashuka tu. Niliomba dua kimoyomoyo, hata sikumaliza.

Tulipofika kwenye ngazi, wifi akanishika mkono, vidole vyake vimepakaa rangi ya bluu ya ukutani.

"Wifi, mimi hataniamini tena, picha zangu zimenifunga mdomo. Wewe hujawahi kumdanganya. Rudi juu umwambie unaumwa, unataka aje akuuguze kwako, na umtoe sasa hivi."