Salamu Iliyochelewa Njiani

Juzi asubuhi nilikaa kwenye benchi la zahanati, Geita, nikingoja kufungwa kidonda. Mwanamke mmoja, aliyehama kwao zamani bila kuaga, alimkuta hapo baba yake mzee, kajifunika koti kuukuu la jeshi. Akapiga magoti.

"Mwangaluka, baba," alisema, ile salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

Mzee alimtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha mbali. Hakujibu. Sote tukainamisha macho.

"Amenikataa," mwanamke alininong'oneza.

"Bado," alisema mganga wa zahanati, akikunja bendeji. "Ndani ya ubongo ujumbe hupita chembe kwa chembe, kama majirani wanavyopeana kaa la moto. Huko chembe hupeana tone la dawa ambayo mwili hujitengenezea. Uzeeni matone hupungua. Mpe muda."

Mwanamke hakuinuka. Jua liliingia mlangoni polepole, likamfikia magotini, likampita. Ndipo mzee akanyoosha mkono, akamgusa utosini.

"Mwangaluka, mayo." Yaani mama, kama baba wa Kisukuma anavyomwita binti ampendaye.

Ilikuwa saa saba mchana, na hakuna aliyesema asubuhi imekwisha. Nami ninayesalimu wazee huku napita, sijui ni majibu mangapi bado yananifuata barabarani.