Ulimi wa Bamvua

Barafu ya limau haitaki haraka. Chagua malimau yenye ganda jembamba, uyabiringishe mezani kwa kiganja mpaka yalegee, ndipo uyakate. Kamua, uchuje mbegu zote, maana mbegu ikisahaulika humo bakuli zima linakuwa chungu. Sukari ichemshwe na maji peke yake, ipoe, ndipo ikutane na limau. Mimina kwenye kopo, ingiza kwenye friza. Ikishika, ifunge kwenye kitambaa safi, uitwange kwa mchi, uirudishe igande tena, uitwange tena. Hapo ndipo inalika kwa kijiko.

Hayo alinifundisha mama mkwe wangu hapa Kibiti, na ndilo jambo jema pekee alilowahi kunifanyia. Simsingizii. Yuko hai chumba cha pili, na ningekuwa na jingine ningelisema.

Mimi nimezaliwa Mbuchi, kwenye delta. Kule bahari ikija na bamvua, maji yanapanda mtoni hadi visimani, na chai inanyweka na chumvi yake bila mtu kukunja uso. Nimekulia hivyo. Kwa hiyo nilipoolewa, siku ya kwanza kukoroga limau katika nyumba ile, nilionja nikaona kuna kitu kimepungua. Nikatia chumvi. Kidogo tu, ya ncha za vidole, ili juisi iwe juisi. Mama mkwe alipiga funda moja akalitema uani.

"Huu ulimi wa bamvua huu!" akawaambia wifi zangu. "Tumeoa mkoko, jamani."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ikawa hiyo. Jina langu waliliacha. Bamvua njoo uchote maji, Bamvua kafue. Mchuzi ukizidi chumvi ni mimi, ukipungua ni mimi.

Mama yangu mzazi akaugua. Habari zikaja kwamba halali kwa homa, mdomo mchungu, hali kitu. Anachotamani ni kile cha baridi cha limau nilichomsimulia nilipokwenda kumwamkia baada ya harusi. Mbuchi kwetu hapakuwa na friji. Nikapanga kila kitu kichwani: nitaitwanga barafu alfajiri, nitaijaza kwenye deli la mama mkwe, lile la kutunzia baridi, nitalifunga kwa kanga, nipande boti. Ingefika imelegea, lakini ingefika baridi. Kilichobaki ni ruhusa. Mume wangu alikuwa safarini na lori, na alikuwa ameniacha mikononi mwa mama yake.

Nilimwomba siku ya Maulidi, nyumba imejaa wanawake, ukumbini mikeka kila mahali. Nilipiga magoti nikanong'ona. Yeye hakunong'ona.

"Jamani, mkwe wangu anaomba ruhusa akauguze! Tumpe?"

Akaingia jikoni, akarudi na bilauri mbili za limau.

"Moja nimetia chumvi, moja sikutia. Ukiijua yenye chumvi, kesho unakwenda, na deli nakuazima."

Nilionja ya kwanza. Nikaonja ya pili. Nikarudia ya kwanza, jasho likinitoka, kwa sababu zote zilikuwa tamu, sawasawa kabisa. Nikamwomba Mungu. Nikaishika ya mkono wa kushoto, nikasema ni hii.

Mama mkwe akaichukua ile nyingine, akapiga funda, akakunja uso mpaka macho yakafumba.

"Masikini! Ni hii hapa."

Ukumbi ulicheka. Kuna mama mmoja alicheka mpaka akalalia ubavu, namkumbuka mpaka leo na nikikutana naye sokoni simwamkii. Mama mkwe akazirudisha bilauri jikoni na kuzimwaga.

"Asiyejua chumvi atajuaje dawa?" akasema. "Ukamnyweshe mama yako mafuta ya taa? Kaa hapa, mwanangu. Namwokoa mama yako."

Nilimpigia mume wangu simu. Akasema, "Msikilize mama."

Mama yangu akafariki. Taarifa ilinifika asubuhi, nikatoka mbio na kanga moja, lakini boti husubiri maji, na maji yalikuwa yamekupwa. Nilipofika walikuwa wameshamzika. Jirani aliyemuuguza aliniambia kwamba mpaka mwisho kila mlango ulipolia alikuwa akiuliza, "Baridi yangu imefika?" Alidhani ananiliwaza kwa kuniambia hivyo.

Sikumlaumu mama mkwe. Huo ndio upumbavu wangu. Nililaumu ulimi. Nilirudi Kibiti nikausugua kwa mswaki mpaka ukatoa damu, na kwa miaka nikapika bila kuonja, nikiamini kwamba kama ningezaliwa huku Kibiti, mama angekufa na barafu mdomoni.

Aliye juu mngoje chini. Mwaka huu mama mkwe alipigwa na kiharusi. Upande mmoja umelala, na ulimi hausikii ladha. Nampa uji bila sukari anakunywa, wala haulizi. Binti zake huja sikukuu, wanalia kidogo, wanaondoka na mabakuli ya pilau. Anayemwogesha ni mimi.

Mwezi uliopita alianza kuniomba nimpeleke kijijini Mkongo, akamwone mdogo wake, ndugu aliyebakia peke yake, ambaye naye yu kitandani. Akawa anaomba asubuhi na jioni. Nikamuuliza mume wangu, akasema, "Wewe ndiye unayejua hali yake. Amua wewe."

Nikaamua. Nilikamua malimau, nikachemsha sukari, nikagandisha, nikatwanga, nikagandisha, nikatwanga. Nikapakua mabakuli mawili. Moja nikalitia chumvi, si ya ncha za vidole. Ya kiganja.

"Mama," nikamwambia, "moja nimetia chumvi, moja sikutia. Ukiijua yenye chumvi, kesho nakodi gari tunakwenda Mkongo."

Nikamlisha kijiko cha kwanza, nikamfuta kidevu. Nikamlisha cha pili, kile cha chumvi, na uso wake haukucheza. Kisha akacheka kwa upande ule wa mdomo uliobaki.

"Hakuna," akasema. "Hakuna yenye chumvi. Kama siku ile."

"Siku ipi?"

"Ya Maulidi. Sikutia kokote. Ungeshika yoyote, ningekunywa nyingine." Alisema polepole, kwa majivuno, kama mtu aliyetegua kitendawili. "Nimekujua, Bamvua. Haya, kesho Mkongo."

Nikachukua kijiko kile kile nikaonja. Bakuli la kwanza: sukari na limau. La pili: chumvi, chumvi tupu, ilinishika mpaka kooni. Nilikuwa naisikia. Siku zote nilikuwa naisikia.

"Umekosea, mama."

"Na Mkongo?" akauliza.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda chake nikaila ile isiyo na chumvi, kijiko baada ya kijiko, yeye akinitazama, mpaka ikaisha.