Gurudumu Kubwa la Bengamisa

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la sita na mkono wangu unakwenda polepole. Mkikuta herufi imepotea, irudisheni wenyewe mahali pake. Ninawaandikia kutoka Isangi, ninakoranda mbao za mitumbwi. Ninyi mlio nyumbani Mangobo mmeniuliza mara nyingi ile safari ya Bengamisa ilikuwaje. Nikiwa nanyi niliona haya kusimulia. Kwenye karatasi ninaweza.

Mnakumbuka kale kavelo kangu, kabaiskeli ka gurudumu moja. Fundi mmoja alikaunga kwa mabaki ya baiskeli ya mtoto, kwa ajili ya vijana waliocheza kwenye sherehe. Walipokachoka, nikakachukua mimi. Nilijifunza wiki nyingi nikishika ukuta wa kanisa. Kisha nikaanza kukapanda kwenda kazini, kwenye karakana ya mbao kule Kabondo.

Lakini gurudumu lilikuwa dogo mno. Miguu yangu ilizunguka kama ya bata majini, na njia haikuisha. Kila asubuhi, baada ya kumchotea mama maji, nilifika mbele ya ofisi ya serikali ya zone wakati uleule filimbi inapolia. Bendera inapopanda, kila mtu husimama alipo mpaka wimbo uishe. Nilishuka, nikasimama, na kazini nikachelewa. Mkuu wetu alivumilia, kisha akachoka.

"Ijumaa mchana nenda ukatafute gurudumu la watu wazima," akasema. "Jumatatu ukifika baada ya bendera, usiingie. Kuna wengine wanaitaka hii kazi."

Ijumaa, saa nane, nilivuka daraja la Tshopo nikiwa juu ya lori la wanunuzi wa mchele, kavelo mapajani. Mama mmoja mwenye kapu la makemba, ndizi za kupika, aliniuliza, "Ile nusu ingine ya velo iko wapi, papa?" Watu wakacheka. Nilikuwa na jibu zuri, lakini lilikuja tulipokwisha kupita vijiji vitatu, na yeye alikuwa amelala. Udongo mwekundu ulitupaka sote rangi moja. Msitu ulisogea karibu hadi matawi yakapiga vichwa vyetu. Siku hizi, nikisikia harufu ya udongo uliolowa, naiona barabara ile.

Tulifika Bengamisa jua likiwa bado juu ya miti. Tonton Selemani, kaka yake mama, alikuwa akitengeneza baiskeli za wabeba mchele. Nilisimama nje ya ua wake muda mrefu nikitafuta namna ya kubisha hodi. Mkewe, Mama Zaina, ndiye aliyeniona.

"Selemani! Kuna mti umeota hapa mlangoni. Unafanana na dada yako!"

Walinipa lituma na samaki, ndizi zimepondwa laini kama pale kwetu. Nilipomaliza kula, tonton akashusha magurudumu mawili ukutani. La kati lilitoka kwenye baiskeli ya zamani ya mkunga. Kubwa lilikuwa la velo ya kubebea magunia. Aliyaviringisha uani, kila moja mizunguko kumi, akianza na langu. Langu dogo likaishia kwenye kinu. La mkunga likafika kwenye kigingi cha mbuzi. Lile kubwa likavuka ua likagonga mlango wa jirani.

"Hilo," nikasema.

"Miguu yako inagusa chini ukikaa juu yake?"

"Nitazoea, tonton."

"Bon. Miguu ni yako."

Akahamisha kitovu, pedali na kiti changu, akakaza spoki moja moja hadi jioni.

Jumamosi asubuhi nilipanda nikishika nguzo ya jiko, maana bila nguzo sikuweza. Nikaingia barabarani. Jamani, raha ile! Mzunguko mmoja tu na nyumba nzima imepita. Nilikuwa mrefu kuliko wote, na kwa mara ya kwanza sikuona haya kutazamwa.

Ndipo filimbi ikalia.

Watu wote wakaganda, na mwenye ndoo kichwani akaganda nayo. Mimi nikaendelea, kwa sababu gurudumu moja haliwezi kusimama, na kushuka bila kushika kitu sikujua. Ofisi ya serikali ya pale Bengamisa ilikuwa mbele yangu, bendera ikipanda. Nilitafuta nguzo, hakuna. Kando ya barabara nikamwona tonton, amesimama wima na mkate mkononi. Hakusogeza mguu. Aliinua tu kiwiko kidogo, kama mtu anayejikuna. Nikaelekea kwake, nikadaka bega lake.

"Usipumue," akanong'ona.

Nilining'inia pale mpaka wimbo ukaisha. Bega lake lilitetemeka kwa uzito wangu, lakini miguu yake haikuhama.

Kijana wa chama tawala, wale walioita kila raia citoyen, akaja mbio. "Citoyen! Kwa nini unatembea mbele ya bendera?"

Tonton akajibu, "Hakutembea, citoyen. Alishindwa kushuka."

"Na asiyejua kushuka, kwa nini alipanda?"

Barabara nzima ikacheka, na yeye mwenyewe akacheka, ndiyo maana sikulala mahabusu. Nilipewa adhabu ya kulima majani ya uwanja wa ofisi hadi mchana. Tonton hakuwa ameadhibiwa. Alikwenda nyumbani, akarudi na jembe lake, akaanza upande wa pili. Tulipokutana katikati, mimi ndiye niliyesema bila kuulizwa:

"Tonton, nataka lile la mkunga."

"Nilikuwa nangojea mdomo wako ufike," akasema.

Jumapili alihamisha tena kitovu. Nilipanda na kushuka mara nyingi uani, bila nguzo, Mama Zaina akihesabu kwa sauti kama mwalimu. Mchana nikapanda lori la kurudi.

Jumatatu nilichota maji, nikaondoka. Mbele ya ofisi ya zone bendera ilikuwa bado imekunjwa mikononi mwa mlinzi. Nilishuka mlangoni mwa karakana, mwenyewe, ndipo nikasikia filimbi nyuma yangu, mbali. Tulisimama. Wimbo ulipoisha mkuu aliangalia gurudumu, kisha mimi.

"Bon. Chukua randa."

Hapa Isangi ni mchanga na maji tu, gurudumu limepumzika darini. Lakini kila asubuhi filimbi inapolia, mkono wangu wa kuume huinuka wenyewe kidogo, unatafuta bega.

Atakayepita Bengamisa amsalimie tonton, aangalie kama lile kubwa bado limetundikwa ukutani, kisha aniandikie. Hata mistari miwili inatosha. Mimi pia nasoma polepole.