Nilimnyamazisha Mama kwa Ajili ya Insha ya Foleni

Mwenye kosa ni mimi, na naomba msinitafutie kisingizio. Ndugu zangu wanasema yaliyompata mama ni mapenzi ya Mungu. Wanasema hivyo kwa sababu hawajui ninachowaambia ninyi wasomaji leo.

Mimi ni muuguzi. Naishi Kamunyonge, Musoma, na mume wangu, na kazi yangu iko Butiama, kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja. Ndoto yangu ilikuwa kwenda kuuguza Ulaya kama wenzangu niliosoma nao. Ili uende, lazima ufaulu mtihani wa Kiingereza. Kusikiliza niliweza, kusoma niliweza, kuongea nilijikongoja. Kuandika ndiko kulikoniangusha, tena vibaya, hadi nikakaa siku kadhaa bila kumwambia mume wangu.

Nikapata mwalimu Bunda, mstaafu wa sekondari. Alisoma insha yangu ya kwanza akacheka mpaka akavua miwani.

"Dada, maneno ni ya Kiingereza lakini unafikiriaga kwa Kijita," aliniambia. "Mpaka mtihani uishe, kilugha weka pembeni. Hata Kiswahili punguza."

Sikushangaa. Shule ya msingi, ukikutwa unaongea kilugha ulivalishwa kibao shingoni na kuzunguka nacho mpaka umkamate mwenzako. Nimekua na aibu hiyo. Mwalimu alisema nipunguze, mimi nikafuta kabisa! Redio Kiingereza, jikoni Kiingereza. Mume wangu maskini akawa anaitikia "yes" kwa kila kitu, hata nikimwuliza kama anataka ugali au wali.

Sasa mama. Mama yangu alikuwa Bukima, na kila jioni alinipigia simu tukaongea Kijita. Ziwa limeamkaje, nani kapata sato, nani kaambulia furu, muhogo umekauka au umenyeshewa. Mimi nimebeba jina la mama yake, kwa hiyo naye aliniita mama. Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi.

Nikamwambia asipige tena mpaka nimalize mtihani.

"Kwani Kijita changu kinakuharibiaga masomo?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Jamani, nilimwambia ndiyo!

Hakupiga tena. Alikuja. Ilikuwa Ijumaa jioni, nimetoka kazini, nimekaa mezani naandika insha huku simu inanihesabia dakika, maana kwenye mtihani ule muda ukiisha umeisha. Mama akaingia na kifuko cha michembe ya viazi na samaki wakavu. Mada niliyokuwa naandika ilihusu foleni za magari kwenye miji mikubwa. Mimi! Mtu wa Musoma, ambaye foleni ninayoijua ni ya ng'ombe wakivuka barabara!

Akaanza kuongea kwa Kijita. Nikaweka kidole mdomoni, kama unavyomnyamazisha mtoto kanisani.

Alisimama akafikiri. Halafu, kwa kuniheshimu mimi aliyenizaa mwenyewe, akajaribu kwa Kiswahili.

"Samahani, mama. Huu mkono wa kulia, tangu juzi unakuwaga kama si wangu. Kikombe kimeniangukia. Na asubuhi mdomo ulikataa maneno, halafu yakarudi."

Nilisikia. Msidhani sikusikia. Kila neno lilinifikia vizuri kabisa. Nikamjibu kwa Kiingereza kwanza, kisha nikakumbuka haelewi nikasema, "Umechoka na safari tu, mama. Ngoja nimalize."

Akakaa kwenye kochi, mikono mapajani, kama mgeni aliyekosea nyumba. Mimi nikamaliza insha. Nikahesabu maneno, yakapungua, nikaongeza aya moja kuhusu treni. Nilipoinua kichwa mama alikuwa amesinzia, na nikashukuru kwamba kumetulia.

Kesho yake nilikuwa nawahi Bunda kwa mwalimu. Mama akasema naye anarudi, ameacha kuku. Nikampandisha gari la Bukima nikapanda langu. Sikumpima hata presha! Na mashine ya kupimia ilikuwa kwenye mkoba wangu wa kazini, chini ya meza ile ile, karibu na miguu yangu.

Mnajua kinachoniua? Kazini, siku ya kliniki ya presha, ni mimi ninayesimama mbele ya wazee. Nawaambia ukiona mkono umekufa ganzi, ukiona maneno yanagoma, hata kama yakirudi, usisubiri, njoo siku hiyo hiyo. Huwa narudia mpaka wananicheka. Mama yangu alinitajia dalili zote, tena kwa lugha inayompa shida, na mimi nikamwambia ngoja.

Wiki iliyofuata wifi yangu alipiga simu. Mama ameanguka kwenye shamba la muhogo. Tulipomfikisha hospitali Musoma, upande wa kulia ulikuwa umelala na mdomo umekwenda pembeni. Kiharusi. Daktari akatuuliza kama siku za nyuma alionyesha dalili yoyote. Kaka akasema hajui, kwao hakusema kitu. Wote wakanigeukia mimi, muuguzi.

Nikasema hapana.

Ole wangu! Hilo neno moja nalibeba mpaka leo. Kaka hajui, mume wangu hajui.

Mtihani nilikwenda kuufanya. Walisema nenda, mama angependa uende. Na kuandika nilifaulu, nikavuka alama iliyotakiwa. Mwalimu alipiga kelele za furaha kwenye simu, mimi nikakata nikaenda kujifungia chooni. Ulaya sijaenda. Mama yuko kwangu Kamunyonge, namwogesha, namlisha, na majirani wananisifu kwamba hakuna mtoto kama mimi. Natamani wanitukane.

Siku hizi naongea Kijita jioni nzima. Namwambia ziwa limeamkaje, nani kapata sato. Anaelewa, namwona machoni. Anajaribu kujibu, inatoka sauti tu, na machozi yanamtoka kwa hasira. Kuniita mama hawezi tena.

Juzi nilishindwa. Nilipiga magoti mbele yake nikamwomba msamaha, kwa lugha yake, nikalia kama niko msibani. Akainua mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, akaweka kidole mdomoni. Sijui alikuwa ananionyesha mdomo unaomkatalia. Sijui alikuwa ananibembeleza ninyamaze. Au alikuwa ananirudishia ya Ijumaa ile. Nilimwuliza, na tena nikamwuliza, akabaki ananitazama tu.

Kaka nitamwambia kabla gazeti hili halijamfikia. Akinifukuza kwenye ukoo, sawa.

Ninyi mnaojiandaa na mtihani huo, andikeni hizo insha, jifungieni, jifunzeni. Lakini mzazi akiingia akasema mkono wake haumsikii, wekeni kalamu chini mumsikilize, kwa lugha yoyote aliyokuja nayo. Mtihani unarudiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa naurudia.