Mti Niliopewa Bondeni

Wiki ile ile niliyoolewa Msamala, mama mkwe alinishika mkono akanishusha bondeni, kwenye chemchemi iliyotunywesha mtaa mzima. Wanawake wa mtaa walikuwa wametutangulia. Walikuwa na desturi yao pale: kila anayeolewa anapewa mti mmoja kati ya ile iliyoizunguka chemchemi, autunze. Kiangazi anafyeka nyasi kavu chini yake ili moto wa mashambani usiufikie, na kuni anaokota zilizoanguka zenyewe. Kuukata ni mwiko. Mimi nilipewa mzambarau mwitu mnene ulioinamia maji. Mama mkwe aliupiga kofi shinani, akasema, "Huu wako, mwanangu. Mti ukifa, tutakuuliza wewe."

Niliamini. Nikishaamini jambo huwa sina breki, na kwa mti ule nilikuwa mkali kupindukia. Nilifukuza wenye mapanga, nikagombana na jirani aliyefua nguo juu ya maji, mpaka wenzangu wakanibandika jina la bwana misitu. Walinitania, lakini jina nililipenda. Nilikuwa mgeni kutoka Hanga, na mti ule ndio ulionifanya mtu wa pale.

Ikaja miaka ya ruksa, kila mtu akaachiwa afanye biashara. Mume wangu aliacha kazi ya ghalani, akaanza kupeleka mitumba Tunduru kwa wachimba madini. Alirudi na mabati na maneno mengi ya nyumba ya matofali ya kuchoma. Nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Nyumba yetu ya matofali mabichi ilikuwa inamomonyoka kila masika. Tulifyatua pamoja, maji ya udongo nikiyachota mimi. Nilipouliza kuni za tanuru zitatoka wapi, alisema ameagiza lori la magogo kutoka porini.

Matofali yakiwa bado yanakauka, mama yangu akaugua, nikaenda Hanga kumuuguza. Niliporudi tanuru lilikuwa limeshapoa. Niliyasifu matofali, mekundu, yanalia ukiyagonga. Kisha nikachukua ndoo, nikashuka kuchota maji.

Bondeni palikuwa na jua mahali ambapo hapakuwahi kuwa na jua. Kisiki changu kilikuwa kibichi bado, na vipande vya mti vilielea kwenye maji. Yule jirani wa kufua alikuwa anachota. Nilimsalimia. Alijitwika ndoo yake, akaniangalia, akasema tu, "Bwana misitu," akapanda zake.

Nyumbani mume wangu alijitia kupanga matofali. Aliyenijibu ni mama mkwe, ameketi anachambua maharage.

"Hatukugusa mti wa mtu," alisema. "Tumekata wako. Wako si wetu?"

"Mama, uliniambia nitaulizwa."

"Na nani? Aliyekupa ni mimi."

Nilikuwa na hasira hata machozi yakakataa. Lori halikuwahi kuagizwa. Walisubiri nikamuuguze mama yangu ndipo wakashuka na shoka, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyewaonyesha upande wa kuuangushia, usije ukaziba maji. Aliona ametenda kwa heshima. Mume wangu ningeweza kumtukana yakaisha, lakini yule mama ndiye aliyenifundisha kuupenda mti ule.

Maneno yake yalisambaa mtaani upesi. Kumbe kila mti una mwenyewe, na mwenyewe hakatazwi. Mwenye mkuyu akachomea matofali yake, mwingine akapata mkaa wa kuuza sokoni, na kila niliyejaribu kumzuia alininyooshea kidole nyumba yangu. Wala hakukosea. Kiangazi kilichofuata tulichota kwa kata, tukisubiriana. Baadaye ikabaki tope, na hilo nalo likakauka, tukaanza kufuata maji mbali.

Watu hudhani nimesamehe kwa kuwa sikuhama. Sikusamehe. Nimezaa katika nyumba ile na kupika humo, na kila masika mvua inapogonga bati na kuta zisitikisike, namkumbuka mama mkwe na maharage yake, na roho inaniuma upya.

Shemeji yangu alipooa, mama mkwe alikuwa anaumwa magoti. Aliniambia nimshushe bibi harusi bondeni, kwa sababu desturi ni desturi. Sikubishana naye. Tulishuka mimi na yule binti peke yetu, tukasimama katikati ya magugu na visiki. Alitazama huku na huku kwa adabu, akingoja. Mwishowe akauliza, "Dada, wangu ni upi?"

Nilimwambia haupo.

"Na wako?"

Nilimshika mabega nikamgeuza atazame juu, kwenye kuta zetu nyekundu.

"Wangu ule pale," nilimwambia. "Ndimo tunamolala."